Kubadilisha kitako cha bunduki ya kuwindia: mambo ya kujua kabla ya kushika bisibisi

Mteja akikuletea bunduki, tazama kwanza kama namba iliyochongwa kwenye chuma inalingana na ile ya kibali chake. Kisha toa magazini, chomoa boliti, tia kidole ndani ya chemba uhakikishe ni tupu. Baada ya hapo muulize anataka nini.

Kama ni urembo, mshauri abaki na pesa zake. Sababu ya maana ya kubadilisha kitako, yaani mwili wa mbao au plastiki unaobeba chuma chote cha bunduki, ni mbao kunywa maji. Mvua za Machi hadi Mei huivimbisha, ikagusa mtutu upande mmoja na risasi zikahama. Akienda Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, kwenye ukavu, mbao inasinyaa na skrubu zinalegea. Vitako vya plastiki rahisi navyo vina lao: ukiegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, ncha ya mbele inapinda hadi kwenye mtutu.

Jina la bunduki peke yake halitoshi kuagizia kitako. Bodi, yaani chuma kinachobeba boliti na kushika mtutu, kwa kawaida huwa fupi kwa risasi aina ya .308 kuliko kwa .30-06. Mtutu mnene hauingii kwenye mfereji wa mtutu mwembamba. Angalia pia boliti iko upande gani na magazini ni ya aina gani. Kwenye Tikka T3, jino la teke, yaani kipande kinachopokea msukumo wa nyuma risasi inapotoka, hukaa ndani ya kitako, hakikushikamana na bodi. Wanaoanza hukitupa pamoja na kitako cha zamani.

Kazi yenyewe iko kwenye jino hilo la teke. Uso wake wa nyuma lazima ukae barabara, la sivyo bodi husogea kila risasi inapotoka. Kitako kikihitaji epoksi, yaani gundi ngumu ya kujaza nafasi kati yake na bodi, bandika utepe mbele, pembeni na chini ya jino, uache uso wa nyuma tu. Paka nta kila chuma kitakachogusana na gundi, ziba matundu yote kwa udongo laini wa kuchezea watoto, acha saa 24. Tundu moja ukilisahau, gundi itajifunga humo na utatoa bodi kwa nyundo na majuto.

Ukirudisha bodi, simamisha bunduki wima na uigonge kitako sakafuni taratibu ili jino lirudi nyuma, ndipo ukaze. Skrubu ya mbele hutangulia. Kitako chenye vibomba vya alumini ambamo skrubu hupita huvumilia ukazaji wa nyutoni mita 7 hivi. Mbao tupu, 4.5, kwani ukizidisha unaiponda. Winchester 70 ina skrubu ya tatu katikati: hiyo iguse tu, ukiikaza inapinda bodi.

Sasa jaribu. Noti ya shilingi elfu moja iliyokunjwa mara moja ipite chini ya mtutu wote hadi karibu na bodi. Legeza skrubu ya mbele huku kidole kikigusa mtutu na ncha ya kitako. Ukihisi mtutu unainuka, bodi ilikuwa imepindwa, rudia kazi. Boliti ikikwaruza, skrubu ya mbele ni ndefu mno: ipunguze kwa tupa. Hakikisha kifyatulio hakigusi kitako na kizuizi cha usalama kinashika.

Darubini ilengwe upya, mita 25 kwanza, kisha 100, risasi tatu tatu. Zikishapita kama 20, pima tena ukazaji wa skrubu, maana kitako kipya hujikalia na skrubu hulegea.