Polima bila maabara kubwa: anza na pampasi

SWALI: Shikamoo Anko. Mi ni mwalimu mgeni wa kemia, niko sekondari moja huku Singida. Tumefika mada ya polima (zile molekuli ndefu kama mnyororo, zilizoungwa kwa vipande vidogo viitwavyo monoma) na wanafunzi wanakariri tu monoma polima, monoma polima, basi juzi nikawaonyesha video ya mtu anavuta uzi wa nailoni kutoka kwenye bika, sasa hawanipi raha, wanataka na sisi tufanye. Maabara yetu haina hata feni ya kutoa moshi. Nifanyeje?

JIBU: Marhaba mwalimu. Uzi wa nailoni achana nao kwanza. Lile jaribio lilichapishwa 1959 na Paul Morgan na Stephanie Kwolek wa kampuni ya kemikali ya DuPont kule Marekani (huyo Kwolek ndo yuleyule ambaye 1965 aligundua nyuzi zilizokuja kuitwa Kevlar, za fulana za kuzuia risasi) na kweli linapendeza, vimiminika viwili visivyochanganyika vinakutana na uzi unazaliwa pale mpakani. Ila kimoja kina kloridi ya asidi, ambayo ikipata unyevu tu inatoa mvuke unaochoma macho na koo, na kiyeyushi chake mara nyingi ni heksani inayodaka moto chap. Na watoto arobaini wamekuzunguka! Hapana.

Nunua pampasi moja dukani. Ichane ndani ya mfuko, tikisa ile pamba taratibu mpaka chengachenga nyeupe zidondoke chini, usizipeperushe maana hazifai kuvutwa puani. Hiyo ni sodiamu poliakrileti. Weka nusu kijiko cha chai kwenye kikombe, mimina maji safi kama mililita 100, subiri kidogo halafu pindua kikombe kichwa chini. Hakimwagiki kitu. Watapiga kelele, waache wapige, ila usiishie hapo, maana ukiishia hapo umefanya mazingaombwe tu na kesho watarudi kukariri.

Sasa chukua chumvi ya jikoni, na kabla hujaiweka kila mtu aandike kwenye daftari anadhani itatokea nini na kwa nini. Ndo mimina kijiko kikubwa ukoroge. Ule mgando unalegea, maji yanatoka. Hapo una somo zima mkononi: minyororo ya polima hii imejaa chaji hasi, ikiingia majini zinasukumana na mnyororo unatanuka, na kwa vile ayoni za sodiamu zimebanwa ndani, maji yanaingia kwa osimosisi, yaani yanafuata upande wenye ayoni nyingi, ila minyororo imefungwa fungwa kwa viunganishi ndo maana inavimba bila kuyeyuka. Ukileta chumvi nje unaondoa ile tofauti iliyokuwa inavuta maji na chaji nazo hazisukumani tena kwa nguvu. Waulize basi kwa nini pampasi inabeba mkojo kidogo kuliko maji safi, yupo atakayejibu bila kusaidiwa. Ukimaliza tupa kwenye takataka, usimwage kwenye sinki, itakuzibia bomba.

Ukibaki na dakika chache gawa rababendi, zile za kufungia hela. Mwanafunzi aivute ghafla na kuigusisha kwenye mdomo wa juu, itakuwa ya moto kidogo, akiiachia inapoa. John Gough wa Uingereza alilieleza jambo hili 1805, na alikuwa kipofu, alitumia midomo yake hivyohivyo. Kisha ning'iniza uzito kwenye rababendi uipashe kwa maji ya moto. Wengi watasema itarefuka kama chuma, kumbe inafupika! Joto linaifanya minyororo ichangamke na kujikunja.

SWALI: Anko, mwanangu wa darasa la tano amefundishwa kutengeneza slaimu, ule ute mzito wa kuchezea, kwa gundi na boraksi. Ni salama? Na je kwenye zulia inatokaje, maana imeshaganda?

JIBU: Mama, kuichezea si neno, kuila ndo shida, na unga wenyewe wa boraksi asiushike yeye. Mtu mzima ayeyushe gramu 4 kwenye mililita 100 za maji, ndo mtoto achanganye na gundi nyeupe iliyozimuliwa, anawe mikono akimaliza, na kama ana vidonda mikononi asiguse kabisa.

Zulia lipe siki. Boraksi ndo inayoshikanisha minyororo ya gundi, sasa siki inaigeuza kuwa asidi ya boriki ambayo haishikanishi, slaimu inarudi kuwa uji na unaifuta kwa maji ya vuguvugu. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana, rangi nyingine zinachuja. Na mwite huyo mtoto aone, kisha kipande kingine akiue kwa siki kwenye kikombe, akirudishie magadi ya kupikia kidogo kidogo mpaka povu liishe, kitashikana tena.