Joto na mgonjwa wa MS
Mmeuliza kama joto la jua linazidisha MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa neva) ya mama yenu. Hapana, joto halizidishi MS yenyewe. Linazidisha dalili tu, na mwili ukipoa mgonjwa anarudi alivyokuwa. Kwenye MS kinga ya mwili hushambulia utando wa mafuta unaofunika neva za ubongo, uti wa mgongo na macho. Neva iliyochunika hupitisha ujumbe kwa taabu, na joto la mwili likipanda hata nusu digrii ujumbe unakwama: jicho linaona ukungu, miguu inalegea. Daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika tangu 1890 kuhusu wagonjwa walioona ukungu baada ya mazoezi, na kabla ya kuwepo MRI (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili) madaktari walikuwa wakimwingiza mgonjwa kwenye maji ya moto ili kumpima. Dada yangu anao ugonjwa huu, na haingii jikoni bila khanga iliyoloweshwa maji shingoni. Inamsaidia kweli, kwa hiyo tafadhali msimfungie mama ndani kwa hofu ya jua. Ila dalili mpya ikidumu zaidi ya saa 24, au akiwa na homa, mpelekeni hospitali: huenda ni shambulio jipya au maambukizi, hasa ya njia ya mkojo.