Karoti usiweke: mboga za kuanzia gumbo

Dada, umeuliza kama karoti inaweza kushika nafasi ya seleri kwenye gumbo, ule mchuzi mzito wa Louisiana, Marekani, na kwa nini mboga zako zinachuja maji badala ya kulainika.

Karoti acha kabisa. Wakajuni, watu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa, huanza na kitunguu maji, seleri na pilipili hoho ya kijani. Karoti inaleta utamu usiotakiwa. Hoho nyekundu vilevile, tamu mno. Mimi hupima vikombe 2 vya kitunguu, kimoja cha seleri, kimoja cha hoho, vyote vimekatwa vidogo vidogo.

Maji yanatokana na sufuria kujaa na moto kuwa mdogo. Tumia sufuria pana, nzito. Tena kwa gumbo usikaange mboga pembeni: unga wa ngano unaoukaanga kwenye mafuta ukishafika rangi ya chokoleti, mwaga kitunguu humo humo. Kitachachatika kwa kishindo, na unyevu wake utapoza unga usiendelee kuungua. Kisha ongeza seleri na hoho, ukikoroga mpaka kitunguu kiwe laini na king'ae.

Kitunguu saumu kiingie mwisho, dakika moja kabla ya kumimina supu, maana kinaungua upesi.