Kibodi iligoma baada ya kupandisha toleo la Linux: usiilaumu kerneli kwanza

Nilipandisha Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, kutoka 11 kwenda 12 jioni moja, nikijua nikimaliza kula laptopu itakuwa tayari. Kweli ilikuwa tayari, ila haikutaka kunifungulia. Badala ya kuingia yenyewe kama nilivyoizoeza, ilinionyesha ukurasa wa kuingia na kunidai nenosiri. Nikaandika, ikakataa. Nikaandika tena polepole, kidole kimoja kimoja, ikakataa. Nikiwa bado nashangaa, macho yakaenda kona ya juu ya skrini: alama ya waifai haipo.

Hapo nikatoa hukumu: kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa, haielewani na laptopu hii. Kibodi imevurugika, waifai imekufa, basi mwizi ni mmoja. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta fleshi nisakinishe mfumo upya kabisa.

Kilichoniokoa ni jaribio la dakika mbili. Nikazima na kuwasha, na menyu ya GRUB, programu inayowasha mfumo, ilipotokea nikashuka mstari wa pili, wenye orodha ya kerneli zilizomo, nikachagua ile ya zamani, 5.10. (Menyu hiyo isipotokea yenyewe, shikilia Shift au gusagusa Esc mashine inapowaka.) Ukurasa wa kuingia ukarudi. Alama ya waifai, ile pale juu! Nenosiri je? Limekataliwa vilevile.

Jaribio hilo moja likanigawia kesi mbili. Waifai iliugua kwa sababu ya kerneli 6.1. Nenosiri halikuwa na habari na kerneli kabisa. Ningeendelea kutafuta dawa moja ya yote mawili, pengine hadi leo ningekuwa natafuta. Ndiyo maana nasema: ukishapandisha toleo, usikimbilie apt autoremove, amri ya kufuta vifurushi visivyohitajika tena. Iache kerneli ya zamani ikae siku kadhaa mpaka uridhike, maana ndiyo kipimo chako cha bure.

Tuanze na nenosiri. Kwenye kisanduku cha kuandikia kuna alama ya jicho. Nikaibofya ili nione ninachoandika, na pale nilipotarajia @ nikakuta alama ya kufungulia nukuu. Kumbe! Kibodi yangu ni ya mpangilio wa Uingereza, na ukurasa wa kuingia ulikuwa unaisoma kana kwamba ni ya Marekani. Alama hizo mbili hubadilishana nafasi kati ya mipangilio hiyo. Nikabonyeza Shift na 2, @ ikatokea, nikaingia.

Lakini kwa nini sasa na si jana? Mpangilio wa Uingereza nilikuwa nimeuweka kwenye mipangilio ya akaunti yangu tu. Ukurasa wa kuingia hausomi huko, husoma mpangilio wa mfumo mzima, ambao kwenye Debian na ndugu zake unakaa kwenye faili la /etc/default/keyboard. Langu lilisema "us" tangu siku ya kwanza. Sikuwahi kujua kwa sababu mashine ilikuwa inaniingiza moja kwa moja. Nikaandika XKBLAYOUT="gb", nikawasha upya, likaisha. Unaweza pia kuendesha sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration ukajibu maswali, matokeo ni yaleyale.

Likabaki swali la nani alifuta ule uingiaji wa moja kwa moja. Ni mimi. Wakati wa kupandisha toleo, dpkg, chombo cha Debian cha kusakinisha vifurushi, hukuuliza kuhusu kila faili la mipangilio ulilolibadilisha ambalo kifurushi kipya nacho kinaleta toleo lake: ubaki na lako, au uchukue jipya? Nilikuwa nimechoka, nikawa najibu Y, Y, Y. Mojawapo ya Y hizo ililipiga teke faili la /etc/gdm3/daemon.conf, lenye mipangilio ya ukurasa wa kuingia, pamoja na ule uingiaji wa moja kwa moja. Bahati ni kwamba dpkg haitupi faili la zamani, huliweka pembeni kwa jina linaloishia na .dpkg-old. Endesha sudo find /etc -name "*.dpkg-old" uone ulichokubali ukiwa na usingizi. Na safari ijayo, swali likija, bonyeza D kwanza, utaonyeshwa tofauti kati ya mafaili hayo mawili.

Nilipolisoma lile faili la zamani nikakuta na kisa cha tatu. Mimi hutumia Caps Lock kama Ctrl, kwa hati ndogo yenye setxkbmap, amri ya kupanga vitufe, inayojiendesha nikiingia. Tangu kupandisha toleo, Caps Lock ilikuwa imerudia kuniandikia HERUFI KUBWA katikati ya sentensi. Ndani ya daemon.conf ya zamani kulikuwa na mstari WaylandEnable=false, niliouweka miaka mingi nyuma kwa sababu nisiyoikumbuka. Faili lilipobadilishwa, Wayland, mfumo mpya wa kuchora madirisha kwenye skrini, ikarudi, na setxkbmap ni chombo cha X11, mfumo wa zamani wa kazi hiyohiyo. Kwenye Wayland hukuonya tu na mpangilio wa kibodi unabaki ulivyo. Kwa hiyo kabla hujafuata ushauri wowote wa kibodi, andika echo $XDG_SESSION_TYPE. Likija jibu wayland, weka pembeni kila mwongozo unaoanza na setxkbmap au xmodmap. Kwenye GNOME, mazingira ya picha ninayotumia, amri hii ilinitosha:

gsettings set org.gnome.desktop.input-sources xkb-options "['ctrl:nocaps']"

Sikurudisha ule mstari wa zamani. Sikuona sababu.

Waifai sasa. Kadi yangu hutegemea draiva (programu ya kukiendesha kifaa) isiyokuja na kerneli, hivyo chombo kiitwacho DKMS huijenga upya kila kerneli mpya inapoingia. Kazi hiyo inahitaji mafaili ya vichwa (headers) ya kerneli hiyohiyo. Zamani nilifuata mwongozo ulioniambia nisakinishe linux-headers-$(uname -r), nikapata ya 5.10 peke yake. Ya 6.1 haikuwepo, draiva haikujengwa, na dkms status ikalionyesha hilo wazi. Nikachomeka simu kwa waya wa USB inipe intaneti, nikasakinisha linux-headers-amd64, ambacho hufuatana na kerneli kila inapopanda. Draiva ikajijenga, waifai ikarudi.

Wewe huenda tatizo lako likawa jingine. Endesha lspci -k utazame kifaa chako. Kama chini yake hakuna mstari wa draiva inayotumika, tafuta draiva. Kama upo na bado kifaa hakifanyi kazi, sudo dmesg, inayoonyesha ujumbe wa kerneli, mara nyingi itakutajia faili la programu dhibiti (firmware, programu inayoendeshwa ndani ya kifaa chenyewe) lililokosekana. Tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, programu hizo zimehamia kwenye sehemu mpya iitwayo non-free-firmware, na asiyeiongeza kwenye orodha yake ya vyanzo vya apt hapati masasisho yake.

Na ikiwa kibodi haiandiki hata herufi moja, tafuta inafia wapi. Inasogea kwenye menyu ya GRUB? Basi yenyewe ni nzima. Inaandika kwenye skrini ya maandishi matupu, inayofunguka kwa Ctrl+Alt+F3? Basi kerneli inaiona, na ugonjwa uko kwenye mazingira ya picha. Kama unatumia X11, hakikisha kifurushi cha xserver-xorg-input-all hakikuondolewa. Usishtuke pia ukikosa kibodi ya laptopu kwenye lsusb, kwa kuwa nyingi hazipiti USB. Tazama /proc/bus/input/devices.

Wiki moja baadaye herufi n ikaanza kujiandika mara mbili. Nikajaribu kerneli ya zamani, nikajaribu kuwasha Linux nyingine kutoka kwenye fleshi, n ileile. Nikang'oa kitufe, nikatoa punje ya uchafu, nikakirudisha.