Msingi nusu mwamba, nusu udongo

SWALI: Tunajenga nyumba ya familia, vyumba vitatu. Kila jioni fundi hunitumia picha za kazi. Ya jana inaonyesha mtaro wa msingi umegota kwenye mwamba upande mmoja. Upande wa pili bado ni udongo. Anataka kesho apange mawe ili tusichelewe. Nimruhusu?
Msomaji, Buswelu

JIBU: Mzuie kwanza. Upande wa mwamba hautashuka. Wa udongo utashuka masika yakiloanisha ardhi. Ukuta utachanika, mara nyingi ufa ukianzia kona ya dirisha na kwenda mshazari. Ufa wa namna hiyo ukiuziba kwa plasta, utarudi.

Achimbe upande wa udongo mpaka afikie ardhi ngumu, ikibidi mwambani. Akipita mita moja na nusu bado ni laini, mwite mhandisi. Ahakikishe pia kwamba huo ni mwamba kweli, si jiwe lililokaa tu juu ya udongo (Mwanza hayo tunayo tele): achimbe pembeni aone linaishia wapi.

Mwamba wenye mteremko uchongwe ngazi, kila ngazi ipimwe kwa pima maji. Wengi huchoma jiwe kwa moto kisha hulipiga nyundo. Sawa, ila vipande vilivyolegea vitolewe vyote na uso usuguliwe kwa brashi ya waya, maana zege halishiki kwenye vumbi wala tope.

Juu ya mawe ya msingi, kabla ya jamvi (zege la sakafu), mwaga mkanda wa zege chini ya kuta zote: nondo 4 za milimita 12, ringi za kuzifunga nondo hizo za milimita 8 kila sentimita 20. Kwenye kona nondo zikunjwe ziingie ukuta wa pili. Hapo ndipo fundi mwenye haraka huzikata. Mkanda husaidia, lakini hauokoi msingi uliokaa juu ya kifusi.

Zege: saruji mfuko 1 wa kilo 50, mchanga ndoo 3 na nusu, kokoto ndoo 7, zote za lita 20. Maji yasizidi lita 27, na yapungue mchanga ukiwa umelowa. Zege linalotiririka ni rahisi kumwaga, ila likikauka ni dhaifu. Limwagilieni maji asubuhi na jioni, siku 7.

Kuhusu picha, mwambie asimamishe futi ya kupimia ndani ya mtaro ili kina kionekane, na azipige picha nondo kabla zege halijazifunika.