Baada ya kikao: maswali yenu na majibu yangu

Barua za mwezi huu zimetoka kwa Waswahili wa ughaibuni waliokwisha kukaa vikaoni, pale watu wanapokusanyika kula au kunywa vitu viletavyo njozi: wengine vya uyoga hapa Uholanzi, wengine vya ayawaska, kinywaji cha mitishamba, kule Peru. Wote wanauliza jambo moja: wafanyeje na walichokiona? Mlioko nyumbani mkumbuke kwamba Kenya na Tanzania vitu hivi ni marufuku, na simshawishi mtu.

Shikamoo dada. Wiki tatu zilizopita nilikula vinundu vya uyoga kwenye kikao. Nikaonyeshwa waziwazi kwamba ndoa yangu imekufa na niache uuguzi. Niandike barua ya kuacha kazi? (Muuguzi, Rotterdam)

Marahaba, mdogo wangu. Usiandike bado. Silosibini, ile kemikali ya kwenye vinundu, makali yake huisha kwa saa sita hivi, lakini moyo hubaki laini kwa siku nyingi baadaye, na siku hizo kila wazo huja na uzito wa ufunuo. Kama ni kweli, litakuwa kweli hata baada ya miezi mitatu, asubuhi unapotoka zamu ya usiku umechoka.

Kwa sasa nunua daftari. Andika ulichokiona kama kilivyokuwa, bila kukifasiri. Kisha kitafutie tendo dogo unaloweza kulirudia.

Kikaoni mara ya kwanza nilimwona marehemu mama akichagua mchele: ungo mapajani, kidole kikisukuma chuya na vijiwe pembeni, hana haraka na mtu. Nililia sana. Wiki ile nilitaka kufunga virago nirudi Pangani nikafungue mgahawa. Sikurudi. Kila Jumamosi hukaa jikoni na sinia la dengu, simu nimeiacha chumbani, nachagua mpaka ziishe. Huu ni mwaka wa nne. Dada yangu tuliyekosana naye nilimsamehe hapo, juu ya sinia, miezi mingi baada ya kikao.

Kuhusu ndoa, mweleze mumeo jambo moja unalolikosa. Hukumu nzima iache kwanza.

Nilikunywa ayawaska kwa Washipibo, wenyeji wa msitu wa Amazoni nchini Peru, karibu na mji wa Pucallpa. Mganga akaniambia nikitoka pale niendelee na miiko: chumvi, sukari, nyama ya nguruwe, pombe, tendo la ndoa. Sasa nimerudi Kanada. Bado yanihusu? (Msomaji, Toronto)

Yanakuhusu sana, na inaniuma kuona wageni wengi wanaiacha miiko uwanja wa ndege. Kwa Washipibo mmea huendelea kumfundisha mtu akiwa ametulia, na zile ikaro, nyimbo za mganga ulizoimbiwa gizani, ni sehemu ya tiba yenyewe. Ukikurupuka kurudi kwenye pombe na kelele, umemkatiza mwalimu katikati ya somo.

Sisi wa pwani tusingepaswa kushangaa. Mwali hachezwi unyago leo akaachiwa njia kesho. Huwekwa ndani, hufundwa, hutolewa nje kwa utaratibu wake, na somo wake, yaani kungwi aliyemfunda, hubaki somo wake hata akiwa na wajukuu. Huko Toronto miiko unayo, somo huna. Mtafute mtu mmoja mwenye kifua, asiyekuogopa wala kukutukuza, uzungumze naye kila wiki siku ileile. Siku za miiko ulizopewa zitimize. Ukishindwa na chumvi kwa sababu ya kazi ngumu, muulize aliyekupa. Pombe usiiguse.

Naona majibu hayajakamilika. Niende tena mwezi ujao? (Msomaji, Antwerp)

Hapana. Fungua daftari lako, usome uliyoahidi mara ya kwanza. Uliniandikia kwamba utaacha kumfokea mwanao wakati wa kazi za shule. Umeacha? Anza na hilo.

Kaka yangu ametoka kikaoni siku ya tano leo. Hapati usingizi, anaongea usiku kucha, anasema ametumwa kwa watu wote. Tumwombee? (Dada yake, London)

Mwombeeni mkiwa njiani kwenda hospitali, leo hii. Msimwache peke yake. Mwelezeni daktari alikula nini na lini, bila kuficha kwa aibu. Mazungumzo juu ya maana ya alichokiona yatangoja mpaka apone.

Na ninyi mnaotumia dawa za sonona, sikilizeni: ayawaska ina harmini, inayozuia kimeng'enya kinachovunja serotonini, kemikali ambayo nyingi ya dawa hizo huiongezea nguvu, mwilini. Ikikutana na baadhi ya dawa hizo inaweza kuua. Wala msiache dawa kienyeji ili mpate nafasi kikaoni.

Mama yangu ni mswalihina, yuko Tanga. Kikaoni nilimwona akinibeba mgongoni kunipeleka hospitali usiku wa mvua, nami sijawahi kumshukuru. Nimwambie habari za uyoga? (Msomaji, Hamburg)

Shukrani yako haihitaji kuanza na uyoga, mwanangu. Anza na ule usiku. Mwambie unaukumbuka mgongo wake, khanga iliyolowa, na kwamba asante imechelewa. Akiuliza kimekukumbusha nini, usimdanganye. Mjibu kadiri anavyouliza. Mpigie baada ya alasiri akiwa ametulia barazani, kisha unyamaze, akusimulie mwenyewe ile mvua ilivyokuwa na nani aliwafungulia mlango.