Maswali ya Wasomaji: Jiko la Mkaa, Maharage na Baridi ya Kilimanjaro Magharibi

SWALI: Ndugu Mshauri, nakusalimu. Mume wangu ameazimia kwamba katika likizo ya shule ya mwezi wa Juni tutoke Moshi sote saba, yaani sisi wawili, watoto wanne na mama yake mwenye umri wa miaka 71, tukalale usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi katika nyumba ndogo ya mbao iliyo kando ya msitu wa misindano kule Kilimanjaro Magharibi. Mimi ni mzaliwa wa Pasua, nimezoea joto, na mtoto wetu wa mwisho ana miaka mitatu. Nilipouliza habari ya baridi nilijibiwa kwamba tutabeba jiko la mkaa, tuliwashe nje mpaka moshi uishe, kisha tuliingize ndani lipashe chumba hadi asubuhi. Mama mkwe naye amesema kwamba kwao Kibosho waliota moto ndani miaka yote na hakuna aliyedhurika. Sitaki nionekane mkaidi, lakini moyo wangu haujatulia. Naomba ushauri juu ya jambo hilo, na pia juu ya siku zinazofaa na chakula cha kubeba.
Mama wa watoto wanne, Pasua, Moshi

JIBU: Dada yangu, moyo wako umekuonya vyema, na hili la jiko nitalijibu kabla ya mengine yote kwa sababu hayo mengine yakikosewa mtarudi mmechoka tu, lakini hili likikosewa huenda wengine wasirudi. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi kuliko oksijeni, hivyo mtu hukosa hewa mwilini ilhali anapumua kama kawaida. Kuisha kwa moshi hakumaanishi kwamba gesi imeisha. Mkaa mwekundu unaong'aa vizuri, ule ambao watu huusifu kwamba sasa umekolea, bado unaitoa. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na hatari yake ni kwamba aliyekwisha kulala hazisikii dalili hizo hata kidogo. Watoto wadogo na wazee hudhurika upesi zaidi, nanyi mtakuwa nao wote wawili chini ya paa moja. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea, na kuweka sufuria ya maji juu ya jiko, kama wengine wanavyoshauri, hakupunguzi gesi hiyo.

Mama mkwe hasemi uongo. Nyumba za zamani za Kichagga ziliezekwa kwa majani, na moshi na hewa vilipenya paa lote. Nyumba ya mbao ya siku hizi, yenye dari, madirisha ya vioo na mlango unaobana, ni kitu kingine kabisa. Hata hivyo nakushauri usiyaseme maneno haya wewe kwa mama mkwe. Mwonyeshe mume wako ukurasa huu, naye azungumze na mama yake wakiwa wawili, kabla ya siku ya safari, si usiku ule mmekwisha kukunja mikono kwa baridi.

Jiko libaki nje kwa kupikia, na mkimaliza kulitumia lisisogezwe mlangoni. Joto la kulalia litafuteni mahali pengine. Watu wengi hujifunika mablanketi matatu wakasahau kwamba baridi kali ya nyumba ya mbao hupanda kutoka chini, kwa kuwa sakafu imeinuliwa na upepo hupita chini yake. Kwa hiyo kati ya mablanketi hayo moja litandikwe juu ya godoro, mlalie. Kila mmoja abebe soksi na sweta za kulalia tu, ambazo hazikuvaliwa mchana, kwa sababu nguo iliyopata jasho au umande haimpashi mtu joto. Mfuko wa mpira wa maji ya moto, uliofungwa vizuri na kuviringishwa kwa taulo, uwekwe miguuni mwa bibi nusu saa kabla hajalala. Mtoto wa miaka mitatu alale katikati yenu.

Kuhusu ukubwa wa baridi yenyewe, hesabu ya kukadiria ni kwamba joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 kila mnapopanda mita 1,000. Moshi iko kwenye mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya misindano ya upande ule iko karibu na mita 2,000, basi toeni nyuzi 7 katika usiku wa Juni wa Moshi, ambao nao si wa joto. Kizunguzungu cha mlimani kisiwatie hofu, kwani kwa kawaida huanza kusumbua watu juu ya mita 2,500.

Kwa upande wa siku, ningengoja nusu ya pili ya Juni. Shule zikifungwa tu, masika huwa ndiyo kwanza yamekwisha na barabara za ndani ya msitu, zinazopitwa na magari ya magogo, huwa bado na matope. Upande wa magharibi hupata mvua kidogo kuliko kusini, yaani Marangu, Machame na Kibosho, hivyo hukauka mapema. Ondokeni asubuhi, mpite Boma Ng'ombe na Sanya Juu, mfike mchana ili watoto waijue njia ya choo kabla ya giza. Tembo na nyati hupita maeneo hayo, kwa hiyo usiku asitoke mtoto peke yake. Ndoo yenye mfuniko iliyowekwa ndani itawaondolea safari hizo. Ndizi na mabaki ya chakula visiachwe nje.

Sasa chakula. Mimi mwenyewe niliwahi kupanda kule na kilo mbili za maharage makavu, nikayabandika saa kumi jioni, na saa nne usiku wageni wangu walikuwa wanakula mkate kwa chai huku sufuria ikiendelea kutokota. Kwenye mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100, kwa hiyo maharage na makande hukawia sana kuiva. Pikeni makande nyumbani yaive kabisa, yapoe, myapashe moto huko. Jumamosi pikeni machalari, yaani ndizi na nyama, maana ndizi haziwasumbui, na viazi na karoti mtavinunua njiani, kwa kuwa wakulima wa huko huvilima katikati ya misindano michanga kabla miti haijaweka kivuli. Ulizeni mapema kama nyumba ina maji. Kama haina, kwa watu saba na siku mbili, wekeni lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia, yaani lita 70; madumu manne ya lita 20 yatatosha na kubakiza akiba kidogo.

Watoto watataka moto wa kuota nje, nao ni haki yao, lakini uwashwe mahali ambapo mwenyeji ameruhusu tu. Majani makavu ya misindano yaliyolala chini hushika moto upesi, na huweza kufukuta chini kwa chini kwa saa nyingi bila mtu kuona. Fagieni hadi udongo mtupu uonekane mita tatu kila upande, na kabla ya kulala mwageni maji, mkoroge majivu, mmwage tena, mpaka kiganja kikisogezwa karibu kisihisi joto. Hakuna mtu wa Moshi aliyesahau Oktoba 2020, tulivyouona mlima ukiwaka usiku.

Amkeni mapema Jumapili. Kilele cha Kibo huonekana wazi alfajiri, na mawingu hukifunika asubuhi ikiendelea.

SWALI: Sisi tuko Arusha. Je, tunaweza kupiga hema popote kwenye misindano ya Mlima Meru?
Baba wa familia, Sakina

JIBU: Hapana. Misindano hiyo ni shamba la miti linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ruhusa huombwa kwenye ofisi ya shamba. Mkipenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha, viko viwanja vya kambi karibu na Momella, ingawa huko mtakuta msitu wa asili badala ya misindano. Nyumba za Miriakamba, kwenye mita 2,514, ni za wapandaji wa Meru wanaofuatana na askari wa hifadhi, nami nisingewapeleka watoto wadogo kule kwa mapumziko.

SWALI: Utomvu wa msindano umeganda kwenye sweta ya shule ya mwanangu. Sabuni imeshindwa.
Msomaji, Soweto, Moshi

JIBU: Iweke sweta kwenye friza mpaka utomvu ukauke na kuwa mgumu, uubandue kwa ukucha, kisha sugua alama iliyobaki kwa pamba yenye spiriti na ufue kama kawaida. Ule ulioganda mikononi hutoka kwa mafuta ya kula.